SAFU YA AFYA: Sukari Inapoufunga Ulimi



Wasomaji wetu wapenzi, kisukari si mgeni katika nyumba zetu. Wengi wetu tuna mzee anayemeza vidonge kila asubuhi, au ndugu anayejidunga insulini kabla ya kula. Tumekwisha kusikia mara nyingi kwamba ugonjwa huu hudhuru macho, figo na miguu. Lililo geni kwa wengi ni kwamba sukari ikipanda kupita kiasi huweza pia kumnyang'anya mtu maneno yake. Utamkuta yu macho, anakutazama, lakini hawezi kusema alitakalo, au hafahamu anachoambiwa.

Tumeona tulizungumze jambo hili mwezi huu kwa sababu sisi tuishio ughaibuni tuna njia mbili za kulikosea, ilhali aliye kwao ana moja tu. Njia hizo tutazieleza. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

KUPOTEWA NA MANENO NI NINI?

Madaktari hukiita kilema hiki afasia. Si ububu, si uziwi, wala si uzito wa ulimi. Mwenye ulimi mzito hutamka vibaya, lakini maneno yake ni sahihi, na akipewa kalamu huandika alitakalo. Mwenye afasia ameharibikiwa na lugha yenyewe, na kwa hiyo aghlabu hata kusoma na kuandika humshinda.

Elimu ya jambo hili ina historia ndefu. Mwaka 1861 daktari mpasuaji wa Paris, Paul Broca, alimpokea mgonjwa ambaye kwa takriban miaka 20 hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan", ingawa alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza sura nyingine: mgonjwa ambaye maneno humtoka kwa wingi na kwa wepesi, lakini hayana maana, na yeye mwenyewe hafahamu anayoambiwa. Dosari ya huyu ilikuwa upande ule ule wa kushoto, ila nyuma zaidi. Tangu hapo ikajulikana kwamba kwa watu walio wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo.

Aghlabu afasia huletwa na kiharusi, yaani mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka. Lakini majarida ya tiba yameeleza habari za wagonjwa waliopotewa na maneno bila mshipa kuziba wala kupasuka. Walipopimwa damu walikutwa na sukari iliyopanda mno, na baadhi yao hawakuwa wakijua kabisa kwamba wana kisukari. Habari njema ni kwamba afasia ya namna hii, ikiwahiwa, mara nyingi huondoka sukari inaposhushwa na mwili unaporudishiwa maji.

SUKARI HUUFANYA NINI UBONGO?

Mtu mzima asiye na ugonjwa huwa na sukari ya milimoli 4 mpaka 6 hivi kwa lita ya damu kabla ya kula. Hali tunayoizungumzia ni ya sukari iliyofika 30 na zaidi kwa hesabu ya Uingereza. Wasomaji wetu walio Marekani, ambako hupimwa kwa miligramu, wazidishe kwa 18: 30 ni sawa na 540, na madaktari wa huko huanza kuihesabu hali hii kwenye 600.

Hali hii huwapata zaidi wazee wenye kisukari cha aina ya pili. Haiji kwa saa moja. Hujijenga kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi. Mwili wa mgonjwa bado una insulini kidogo. Kiasi hicho hutosha kuzuia damu isijae asidi, lakini hakitoshi kuishusha sukari. Kwa hiyo zile dalili kali za mwanzo, kama kutapika na kupumua kwa kasi, huenda zisionekane, na watu wa nyumbani wasishtuke.

Figo hujaribu kuitoa sukari kwa njia ya mkojo, na sukari haitoki peke yake. Huondoka na maji. Mtu wa kilo 70 huweza kupungukiwa na maji lita 7 mpaka 15. Akina mama wapikao achari watalifahamu hili upesi. Embe bichi likikatwa na kutiwa chumvi, baada ya saa chache hunyauka, na bakuli likajaa maji. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya embe. Damu iliyojaa sukari huuvuta ubongo vivyo hivyo: seli hutoa maji yake, zikasinyaa, na kazi yake ikavurugika. Damu nayo huwa nzito, ikapita kwa shida katika mishipa midogo.

Tena, ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli zisichemke ovyo. Wataalamu wanaona kwamba katika hali hii kemikali hiyo hupungua, na sehemu ndogo ya ubongo ikaingia katika kifafa cha mahali pamoja. Kikitokea penye kuendesha mkono, utauona mkono unarukaruka. Kikitokea penye lugha, huenda usione mtikisiko wowote. Utaona kimya tu, au maneno yaliyochanganyika. Wengine hulegea upande mmoja wa mwili, au hupotewa na nusu ya uoni, kama mwenye kiharusi.

Nini huichokoza sukari mpaka ikafika huko? Mara nyingi ni maradhi mengine, hususan ya kifua au ya njia ya mkojo. Pengine ni dawa za kisukari zilizokatizwa, au dawa za jamii ya steroidi zilizotolewa kwa ajili ya pumu au viungo. Na liko jambo la nyumbani: mgonjwa hushikwa na kiu, akapewa soda na maji ya matunda ili aikate. Sukari huzidi, kiu huzidi, na mduara huendelea.

MFANO WA KUZINGATIA

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 70, aliyeletwa kutoka Mombasa kuishi na binti yake hapa Uingereza. Kiingereza chake ni cha kusalimiana tu. Amekuwa na kikohozi, na kwa wiki nzima anaamka usiku mara nne au tano kwenda msalani. Binti anadhani ni baridi. Wajukuu, kwa mapenzi yao, wanampelekea glasi za maji ya machungwa.

Siku ya nane bibi anataka miwani yake. Anasema, "Nipe ile... ile ya... kitasa." Watoto wanacheka, naye anakasirika. Jioni anaulizwa, "Mama, utakula nini?" naye anamtazama binti yake bila kujibu. Binti, kwa hofu, anaanza kumsomea Suratul Fatiha. Bibi anaipokea na kuisoma mpaka mwisho bila ya kukosea. Nyumba nzima inashusha pumzi: mtu asomaye Fatiha akili yake iko salama!

Hapa ndipo penye mtego. Mambo yaliyohifadhiwa tangu utotoni, kama sura fupi, dua, kuhesabu moja mpaka kumi, kuitikia salamu, hata nyimbo, huweza kubaki kwa mwenye afasia hali ya kuwa hawezi kuunda sentensi mpya ya maneno matatu. Kwa hiyo usimpime mgonjwa kwa yale aliyoyahifadhi. Mpime kwa mambo matatu mengine. Mwonyeshe ufunguo au saa, umwulize jina la kitu hicho. Mwambie akariri sentensi usemayo, kama "Leo mvua imenyesha tangu alfajiri." Kisha mpe amri bila kumwashiria kwa mkono: "Funga macho, halafu inua mkono wa kushoto." Akishindwa na lolote katika haya, na jana alikuwa akiliweza, hiyo ni dharura.

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni la nyumbani. Mzee akinyamaza ghafla, au akisema yasiyoeleweka, sisi tuna majibu mengi tayari: ni uzee, ni huzuni ya kuwa mbali na kwao, amenuna, amepatwa na husda, ana jini. Siku mbili tatu hupita katika kutafuta nani alimkosea. Hatusemi kwamba dua iachwe. Dua ni silaha ya muumini, na inasomeka hata ndani ya gari la wagonjwa. Tunalosema ni kwamba dua isifanywe sababu ya kulichelewesha gari hilo. Na mtu aliyepotewa na maneno asinyweshwe kitu kabla ya kuonwa na wauguzi, iwe ni chai, asali au kombe, kwa sababu huenda koo lake nalo limelegea na kinywaji kikaingia mapafuni.

Kosa la pili hutokea hospitali, na hili ndilo letu sisi wa ughaibuni. Muuguzi anamwuliza bibi jina lake kwa Kiingereza, bibi hajibu. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa hasemi Kiingereza, na anaendelea na kazi yake. Hakusema uongo! Lakini dalili kubwa kuliko zote imefichwa nyuma ya neno hilo. Au mgonjwa anasema maneno ovyo kwa Kiswahili, na aliye mbele yake hawezi kujua kuwa ni ovyo, kwani kwake Kiswahili chote ni kimoja. Ni sisi tu tunaoweza kutofautisha kati ya mtu asiyejua lugha ya nchi na mtu aliyepotewa na lugha yake mwenyewe.

Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa ajifunze kusema jambo hili moja, kwa lugha ya nchi aliyopo, tena aliseme mwanzo kabisa: "Huyu jana alikuwa akizungumza lugha yake vizuri, na leo hawezi. Ilianza saa fulani." Akisha kusema hivyo, aongeze kwamba mgonjwa ana kisukari, au kwamba amekuwa na kiu na mkojo mwingi kwa siku kadhaa.

Hali kadhalika itajeni lugha kwa jina lake. Wako wazee wetu ambao lugha ya moyoni mwao ni Kibarawa, Kibajuni au Kingazija. Mzee wa Barawa akiletewa mkalimani wa Kisomali kwa sababu ya pasipoti yake, na akashindwa kujibu, hakuna litakalojulikana kwa yakini. Katika hospitali za umma za Uingereza mkalimani halipiwi na mgonjwa, na Marekani hospitali zipokeazo fedha za serikali kuu zina wajibu huo kwa mujibu wa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Ombeni mkalimani bila ya haya, na msimwachie kazi hiyo mtoto wa miaka kumi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tunawaomba wasomaji waukate ukurasa huu na kuubandika mlangoni mwa friji.

1. Mtu akipotewa na maneno ghafla, pigeni simu ya dharura papo hapo: Uingereza 999, Marekani na Canada 911, Oman 9999, nchi nyingi za Ulaya 112. Msijaribu kubainisha nyumbani kama ni sukari au kiharusi. Haibainiki kwa macho, na mwenye kisukari yumo katika hatari ya vyote viwili. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda aghlabu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza.

2. Tazameni saa, mwandike wakati alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho.

3. Kama mnayo mashine ya kupimia sukari, mpimeni mkiwa mnangoja, mwandike namba. Mashine nyingi zikishindwa kuhesabu kwa kuwa sukari imezidi mno huonyesha herufi HI. Hiyo si salamu, ni hatari.

4. Sukari ikiwa chini ya 4, jueni kwamba nayo pia huweza kumfunga mtu ulimi. Mwelezeni anayepokea simu, mfuate maelekezo yake. Ikiwa juu, msimdunge insulini ya ziada kwa kukisia.

5. Mlazeni kwa ubavu ikiwa fahamu zinampungua.

6. Chukueni dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile zilizotoka Dubai au zilizoletwa kutoka nyumbani, na za mitishamba.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Baadhi ya familia huona tiba inakwenda polepole, wakadhani mgonjwa wao amepuuzwa. Yafaa ijulikane kwamba polepole hiyo ni ya makusudi. Kwanza hutiwa maji yenye chumvi kwa njia ya mshipa, kisha insulini kwa kiasi kidogo. Sukari haitakiwi kushuka zaidi ya milimoli 5 kwa saa, kwa sababu ubongo ulionyauka ukirudishiwa maji kwa pupa huweza kuvimba. Potasiamu ya damu hupimwa mara kwa mara, na aghlabu hutolewa dawa ya kuzuia damu isigande. Kichwa hupigwa picha ili kuhakikisha kwamba hakuna kiharusi. Kama kuna kifafa, huenda ikaongezwa dawa yake, lakini kifafa cha namna hii mara nyingi hakitulii mpaka sukari ishuke.

Tusifichane: hali hii ni nzito. Inakadiriwa kwamba kati ya kila wagonjwa kumi huweza kufariki mmoja au wawili, zaidi wazee na waliochelewa kufikishwa. Kwa aliyewahiwa, maneno huweza kurudi kwa saa kadhaa au siku chache.

Nayo hayarudi lazima kwa lugha zote pamoja. Mfaransa Théodule Ribot alisema mwaka 1881 kwamba kilichojifunzwa mwanzo ndicho kinachodumu zaidi. Mwenzake Albert Pitres, mwaka 1895, aliwachunguza wagonjwa wenye lugha nyingi, akaona kwamba mara nyingi hutangulia kurudi ile iliyokuwa ikitumiwa zaidi. Kanuni zote mbili zimekutwa na wagonjwa wasiozifuata. Kwa hiyo baba aliyefanya kazi miaka 30 kwa Kiingereza akianza kukujibu kwa Kiingereza, usidhani amekukana. Na mama akirudi na Kiswahili cha utotoni kabla ya chochote kingine, mshukuruni Mola na mwendelee kumsemesha. Sentensi ziwe fupi, mmoja aseme kwa wakati mmoja, redio izimwe, naye apewe muda wa kujibu. Msimsemeshe kama mtoto, kwani mara nyingi fahamu zake ziko kamili na heshima yake vilevile.

FUNGA NA KINGA

Mwezi wa Ramadhani unahitaji tahadhari maalumu. Uchunguzi mkubwa wa Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari katika nchi 13, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kwa wenye aina ya pili, matukio ya sukari kupanda vibaya yaliongezeka mara 5 katika Ramadhani, na ya kushuka vibaya mara 7 na nusu. Sababu si njaa peke yake. Wako wanaopunguza dawa kwa shauri lao, kisha wakafuturu kwa kaimati, tambi na sharubati. Mwenye kisukari amwone daktari wake mwezi mmoja au miwili kabla, dawa zipangwe upya. Kujipima kwa tone la damu ya kidoleni hakubatilishi funga. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, ushauri wa wataalamu ni kufungua. Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa hiyo waziwazi, na masheikh wetu hawaoni ubora katika kuikataa ruhusa aliyoitoa Mwenyewe Mwenyezi Mungu.

Katika siku nyingine za mwaka, kinga ni mambo machache. Mgonjwa mwenye homa au kikohozi ajipime mara nyingi zaidi kuliko desturi yake, na anywe maji matupu. Asiache insulini kwa sababu tu hali chakula. Muulizeni daktari mapema vidonge vipi husimamishwa kwa muda mtu anapoharisha au kutapika, ili msikisie usiku wa manane. Na mzee yeyote aliyeanza kuwa na kiu isiyokatika na safari nyingi za msalani apimwe wiki hiyo hiyo, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Kabla hamjafika huko, kaeni jioni moja na wazee wenu muandike katika karatasi moja: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, maradhi, dawa na vipimo vyake, na lugha wanazozisema, ipi kwa ufasaha na ipi kwa kubabaisha. Karatasi hiyo ikae mkobani mwao daima. Siku mzee atakaposhindwa kujisemea, itamsemea yeye.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu na ndimi zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.